Kaburi Kwenye Jiwe Jeusi

Zam alipanga jiwe la mwisho, akarudi nyuma kulitazama kaburi. Lilikuwa kaburi zuri la mtoto, fupi, limenyooka vizuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: yeye hakuwa amezika mtu.

Alijipangusa mikono kwenye leso haraka haraka. Ilikuwa Jumapili, mke mwenzake Elena yuko kanisani, na shamba hilo la Midia, jirani kabisa na mpaka wa Sudan Kusini, lilikuwa la Elena.

La Elena! Hapo ndipo palipomchoma. Elena alikuja mikono mitupu, mkimbizi kutoka Yei, mwaka ule watu walipomiminika mpakani. Msichana mzuri vile, angepata mfanyabiashara wa Arua mwenye duka lake. Akamkubali Yugu, askari mstaafu mwenye goti bovu na mke tayari nyumbani. Hakuomba nyumba ya bati wala cherehani. Aliomba shamba hilo tu, lile alilovukia mpaka akikimbia, shamba la mawe ambalo hata mbuzi walilipita. Siku ile Zam alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Haya, sasa nani anacheka? Wachina walikuja kwanza, wakabeba mawe meusi ya Elena kwenye vifuko. Wazungu wakafuata mbio. Redio ikaeleza kwamba dunia inaachana na petroli, magari yatakwenda kwa betri, na betri zinalitaka jiwe jeusi. Mataifa makubwa yananyang'anyana, kila moja linaogopa jingine litaliwahi na kulifungia. Mataifa makubwa, jamani, na yote yanamwita yule mwanamke "Madam Elena"!

"Alijua," Zam alimwambia shemeji yake, Sebit. "Huyu mwanamke alijua iko kitu kwa hii shamba. Ndiyo maana alikubali ule mzee."

Na kulikuwa na kona moja iliyomnyima Zam usingizi. Elena aliwaruhusu wageni watoboe popote, ila si pale. Kila asubuhi alikwenda konani peke yake, akapafyeka mpaka pakawa safi, wala hapandi hata mhogo. Kama si hazina yenyewe, ni nini basi?

Ndipo Zam akapata dawa yake. Kwao, ukishazika mtoto mahali, hapo ni pako. Hakutoi mke mwenza, haikutoi kampuni. Akangoja Jumapili, akaokota mawe, akayapanga palepale palipokwisha kufyekwa.

Elena alirudi kutoka kanisani, Biblia kwapani, akasimama.

"Nani ameweka hii mawe?"

"Mimi. Mtoto yangu iko hapa. Nilimzaa hana pumzi, Yugu akiwa kwa vita kule Somalia. Nikamzika peke yangu."

Zam alikuwa tayari kwa ugomvi. Hata hereni alikuwa amezivua. Lakini Elena alikaa chini, akayatazama yale mawe kwa muda mrefu, macho yakamjaa machozi.

"Asante, dada," alisema.

Asante! Zam nusura apasuke. Mnafiki mkubwa, hata kugombana vizuri hajui.

Kilichofuata Zam hakukitegemea. Habari zilipomfika Yugu, mzee alisema, "Damu yangu hailali porini. Tunamtoa, analala nyumbani."

"Tutafanya kwa heshima," alisema Anguyo, kijana wa Awindiri aliyekuwa mkalimani wa kampuni hizo za wageni. "Familia ikishamhamisha mtoto, ndipo sisi tunachimba."

Wakikuta udongo mtupu, Yugu atamrudisha Zam kwao mbele ya ukoo mzima. Amemzulia mume mtoto maiti! Nyumba itakwenda, watoto watabaki, na shamba lote, kona na jiwe lake, litakuwa la Elena milele.

Ajabu ni kwamba aliyepinga ni Elena. Alipiga magoti mbele ya Yugu.

"Mwache mtoto alale, baba. Nakuomba. Mwambie hao watu waende wachimbe kwingine."

Yugu alikataa. Na Zam, pamoja na hofu yake yote, bado aliona kijicho. Tazama anavyolilia jiwe lake, alijiambia. Hata aibu hana.

Siku ya kufukua, ukoo ulikuja wote. Wachina walisimama upande mmoja na gari lao, Wazungu upande wa pili na lao, hawasalimiani. Sheikh alisoma dua. Sebit akaondoa mawe, akashika jembe.

Udongo ulitoka mwekundu, kisha mweusi. Jembe likapanda, likashuka. Wanawake walikuwa wameanza kutazamana.

Kisha Sebit akaliweka jembe pembeni. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono.

"Pole pole," alisema. "Iko kitambaa."

Yugu alisogea, akainama, akafunika uso.

"Mutoto iko hapa," alisema Sebit. "Zam, pole. Mutoto iko hapa."

Kilio kikalipuka. Mawifi wakamvamia Zam, wakamkumbatia, wakamlilia mwanawe. Yeye alitazama mifupa midogo ndani ya kitenge cha kijani ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake.

Elena alipenya katikati ya wanawake, akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Usitetemeke, dada. Waambie wamzike karibu na nyumba. Waambie jina lake ni Yengi."