Tiyo ya mama

…na haikubonyea, dada, hata kidogo! Ngoja nikuelezee.

Ilibakia tiyo moja tu, bomba ya chuma ya kutengeneza tricycle ya mama, ile kigari ya magurudumu matatu ya kuendesha na mikono, juu ya miguu yake haina tena nguvu. Ile ingine yaya Manassé, kaka yetu mukubwa, aliikunja bila kitu ndani, ikabonyea, ikaharibika.

Leo mama mwenyewe alikaanga muchanga mu sufuria sawa karanga, ikauka. Tukajaza tiyo, tukaziba ncha na miti, tukaipasha mu makala mupaka nyekundu.

Yaya akaogopa kuvuta. "Mama, nikiiharibu?"

"Leta huku. Ni mimi nitaikalia hiyo tricycle."

Mama akavuta pole pole, akiwa chini kwa mukeka, kuzunguka jante, ile ringi ya gurudumu ya pikipiki. Muchanga ikalia ndani. Tiyo ikapinda muzuri.

Sasa yaya anasoude, anaunganisha vyuma na moto. Mama anasema kesho asubui atajipeleka soko, hapana mutu wa kumusukuma. Kesho magaribi nitakuambia alifika wapi.