Utetezi wa Mheshimiwa

Mheshimiwa alikwama kwenye neno la kwanza la kichwa cha tasnifu yake mwenyewe.

"Udhi... udhihi... udhihirikaji," alisema, akajifuta jasho kwa tai.

Kwenye kiti cha nyuma kabisa, Kamusi alifumba macho. Wanafunzi wenzake wa udaktari walimpa jina hilo kwa kuwa neno halikumpita. Alikuwa mwaka wa nane akisomea fasihi, na tasnifu yake ilikuwa bado imelala sura ya pili, kama mgonjwa asiye na wa kumgeuza.

"Jitu zima," alimnong'oneza dada aliyekaa naye. "Limefuata udaktari wa kubandika kwenye mabango ya uchaguzi."

"Shh! Si mnasoma naye kila Jumamosi?"

"Asome, yule? Yule ukimwona kashika kitabu, anaua mbu."

Kamusi hakuliheshimu hata jopo la watahini. Mwenyekiti alisinzia waziwazi. Msimamizi wa Mheshimiwa alitafuna karanga kwa siri, akitikisa kichwa kila mara mtu alipokohoa. Mmoja tu ndiye aliyemtia hofu: mtahini wa nje, bibi mwembamba mwenye macho ya kipanga.

Bibi alifungua sura ya tatu. "Hapa unadai msimulizi anajisaliti. Kivipi?"

"Nafsi iliyogawanyika, bwege wewe," Kamusi alinong'ona. "Sema nafsi iliyogawanyika!"

"Ni mambo ya nafsi, Profesa," alisema Mheshimiwa. "Mtu anakuwa huku, tena anakuwa kule."

Ukumbi ukacheka. Kamusi hakucheka. Hoja nzuri kama ile kutafunwa na mdomo kama ule! Nazi mkononi mwa nyani.

Hatimaye bibi aliivua miwani yake.

"Nitakupitisha. Kosa sikuona hata moja. Ila nikwambie ukweli, mwanangu, nililala mara mbili. Humu anasema mtu anayetaka tu tujue kwamba amesoma. Maneno yanapiga mluzi, nyumba haina mwenyewe."

Masikio ya Kamusi yalipata moto.

"Isipokuwa ukurasa wa shukrani," bibi aliendelea, na sauti ikamlainika. "Pale mama yako anapojifunza kusoma pamoja nawe, kwa magazeti ya kufungia sabuni. Nimeurudia ukurasa huo, nikausoma tena. Uliuandikaje?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Mheshimiwa hakukwama. "Nilikuwa kwenye foleni kwa mchapaji, Profesa. Nikamkumbuka tu mama."

Makofi yakalipuka. Hata mwenyekiti aliamka, akapiga.

Kamusi alibaki ameikunja mikono. Katika tasnifu ile nzima, jalada hadi jalada, huo ndio ukurasa pekee ambao yeye hakumwandikia.