Shaba Ndani ya Bawa

Bawa la kulia lilipinda kwenda juu kama upinde, na Dunia akasahau kupumua.

Walikuwa juu ya Shituru, penye kiwanda cha shaba. Hewa ya moto kutoka kiwandani ilikuwa ikiinua ndege yao isiyo na injini, na ncha ya bawa, mbao na gundi tupu, ilipanda taratibu huku ikijisokota kidogo, kama inayouinamia upepo.

"Papa, angalia! Bawa iko napumua!"

Baba yake, fundi mbao aliyeyachonga mabawa yote mawili, alicheka katika kiti cha nyuma.

Dunia akageukia upande wa pili. Bawa la kushoto lilikuwa limenyooka kama ubao wa meza.

"Papa, ku gauche ulifanya nini?"

"Ilikuwa nalegea, maman," baba alimwambia binti yake. "Nikatiamo shaba. Shaba ya kwetu haiwezi kutuangusha."

Mwendo ukapungua, na mlio wa upepo ukafifia kwenye kioo. Usukani, ambao Dunia alikuwa bado anauvuta ili wazidi kupanda, ukalegea mkononi kama bukari, ugali wa moto. Bawa lisilopinda halijui kuuinamia upepo. Mwendo ukizidi kupungua, lingeuachia upepo kwanza, kabla ya lile la kulia, na ndege ingeanguka ikizunguka.

Ncha ya kushoto ikatetemeka.

Dunia akasukuma usukani mbele, pua ya ndege ikielekea kwenye mabomba ya moshi ya kiwanda.

Upepo ukarudi ukipiga kelele. Bawa la kulia likashuka polepole, likanyooka, na kwa mara ya kwanza yale mawili yakafanana.

"Papa," alisema, "kutua, tutatua na mbio. Tukienda polepole, bawa ya gauche itatuangusha."