Vitabu Kumi na Tisa vya Katuni Kutoka Vitani

Mtafiti alivaa glavu nyeupe kabla ya kugusa kitabu cha kwanza, na mama akacheka.

"We mgeni, unavaa glavu kama daktari? Hivyo havijafa."

Binti hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai.

Vitabu vilikuwa kumi na tisa, vyote vya katuni, vimechorwa kwa wino kwenye karatasi za daftari. Askari kwenye handaki. Askari anaota mama yake anamwita kwa jina lisilo lake. Askari kaziba masikio, na bunduki zimenyamaza zamani. Vita vilikwisha, vitabu havikwisha: sasa askari yuko ng'ambo ya mpaka, kila mwaka anafunga mizigo arudi nyumbani, kila mwaka kuna linalomkwamisha.

"Historia tuliyonayo inahesabu mizinga," mtafiti alisema. "Hivi vinaonyesha mtu alivyoumia ndani. Mama, mwanao ametufanyia kazi kubwa."

"Mwanangu ana mkono wa kuchora," mama alijibu, akipokea kikombe kutoka kwa binti na kuipuliza chai yake.

Binti alikijua kila kistari cha vitabu vile, maana alivichora yeye. Kaka yake alikufa mwezi wa pili wa vita. Barua ya jeshi ilimkuta peke yake nyumbani, ana miaka kumi na mitano, mama kaenda siku tatu kumwuguza shangazi. Aliisoma, akaichoma. Kumwambia mama? Ulimi ulimfia. Wiki chache baadaye "mpita njia" akaleta kitabu cha kwanza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imekwenda miaka kumi na mitatu, na kila kitabu kilimtafuna roho.

Mtafiti akatoa fomu. "Kesho napeleka jina lake jeshini, wathibitishe alikuwa kikosi gani. Majibu yatakuja hapa hapa, kwa barua, kwa jina lako mama."

Ole wake! Habari ile ile, kwa barua nyingine, na safari hii angeifungua mama mwenyewe.

"Usipeleke," binti alisema. Aliiweka trei sakafuni, naye akakaa hapo hapo chini kama mtoto. "Nimevichora mimi. Vyote. Kaka hayupo, mama. Hayupo tangu mwanzo. Nisamehe, nilishindwa kukwambia."

Binti alifumba macho, akingoja kilio ambacho alikuwa amekikimbia nusu ya maisha yake.

Alichosikia ni kikombe kikiwekwa mezani taratibu.

"Andika hivyo, baba," mama alimwambia mtafiti. "Hapo kwenye mchoraji, weka binti yangu."

Kisha akashuka kitini, goti moja kwanza halafu la pili, akakaa sakafuni, akamvutia binti yake kifuani.

"Siku zile tatu sikuwa kwa shangazi yako. Kaka yako nilimzika mimi, mwanangu, kwa mikono hii. Nilirudi nyumbani njia nzima najiuliza nitakwambiaje, nikafungua mlango, nikakukuta umeinamia meza, unamchora yuko hai."