Dawa Chini ya Kovu

Daktari alipoutoa uvimbe kwenye titi la Siwema, aliacha ndani ya jeraha kipande cha dawa, kidogo kama punje ya mahindi, kuzuia maradhi yasirudi. Kingeyeyuka chenyewe polepole. Siwema alikipapasa kila alipooga, mpaka siku moja hakukipata tena, na nyumbani wakachinja kuku kushukuru.

Leo dada yake, Chiku, ambaye siku ile ya kuku alikuwa safarini na hakuwa na habari, alikuwa akimkanda mabega kwa mafuta ya nazi. Vidole vikateleza hadi kwenye kovu, vikasita.

"Mdogo wangu, kumbe dawa yako bado ipo! Hii hapa, ngumu kama kokoto. Mungu mkubwa!"

Siwema akaushika ule mkono, akaukandamiza pale pale.

"Ipo, dada," alisema. "Wewe nikande tu."

Kibakulini, mafuta yaliyoyeyuka yalikuwa yameanza kuganda.