Wageni wa Chumba cha Feni

Bwana Phadke alikuwa ameshavuka kamba, simu mkononi, anatafuta pa kupiga magoti.

"Mzee, rudi nyuma ya kamba," alisema Digambar.

"Picha moja tu, kijana."

"Hata nusu. Unakanyaga njia yao. Rudi!"

Digambar alikuwa ameinua kikapu kilichofunika shimo, na vitoto vya kasa vilikuwa vinapandana kwenye mchanga kuelekea baharini. Wageni waliopanga mstari nyuma ya kamba waliangua kicheko. Phadke akarudi, amenuna. Shevanta, mama yake Digambar, alifumba macho. Basi tena, aliwaza. Mwanangu amemfokea baba mkwe wake mbele za watu.

Kaka yake Shevanta, Moreshwar, ndiye aliyepiga simu kutoka Pune wiki ile. Alikuwa amempatia Digambar msichana. Upande wa msichana walitaka kuiona nyumba kabla ya lolote, tena kabla haijapambwa. Wangekuja mwisho wa wiki kama wageni wengine wa kasa, ambao hulala majumbani mwa wanakijiji; wangekula, wangelala, wangeondoka.

"Na wewe usionyeshe kuwa unajua," alionya Moreshwar. "Ukiharibu, mimi simo."

Shevanta hakuwa na pa kuchagulia. Siku hizi hakuna msichana anayetaka kuolewa huku pwani ya Konkan, kwenye minazi na umeme wa kukatika, na mume ambaye kazi yake ni kuhamisha mayai ya kasa kabla mbweha hawajayafukua. Wawili walishamkataa Digambar. Wa pili alimkataa kwa simu.

Kwa hiyo Phadke, mkewe na binti yao waliposhuka garini, Shevanta hakuuliza mara mbili. Aliwapa chumba chenye feni. Mgeni wake mwingine, bibi aitwaye Dwarka aliyekuja peke yake kwa basi, alimpa kile cha kando ya zizi. Bibi alisema ng'ombe hawamsumbui.

Tangu hapo ikawa ni kukimbia tu. Mke wa Phadke alitaka maji ya moto. Binti alitaka choo kingine, utadhani kipo. Phadke mwenyewe alitaka kujua mvua zikianza watu wanaishije huku. Shevanta alijibu kila swali kwa tabasamu, maana aliona kila swali ni mtihani. Magoti yalimwaka moto. Alichoka mpaka akasahau alichokuwa amekifuata stoo, akarudi mikono mitupu, akasahau tena.

Asubuhi ile, baada ya balaa la kamba, alijikokota hadi jikoni, akakaa sakafuni, akashindwa kuinuka. Bibi Dwarka alimkuta hapo. Akavuta mbuzi, akaketi, akaanza kukuna nazi.

Huruma ile ndogo ikamfungua Shevanta mdomo.

"Umeona alivyomfokea yule bwana? Ndivyo alivyo, bibi. Kwenye mambo ya kasa hasikii la mtu."

"Anakunywa?"

"Hanywi. Anakoroma, paa linatikisika. Na paa lenyewe linavuja."

"Na wewe je? Mkwe akija utamgeuza punda?"

"Nitamnunia wiki ya kwanza," alisema Shevanta, kwa vile hakuwa na nguvu za kudanganya. "Halafu nitaacha. Siku hizi hata kununa kunanichosha."

Bibi Dwarka alicheka mpaka nazi ikamwagika.

"Tafadhali usiwaambie wale wa chumba cha feni," Shevanta alimsihi. "Mwanangu anazeeka, bibi. Jioni namsikia anaongea na vikapu vyake. Mimi nikifa ataongea na nani?"

"Mimi na wale hatuna maongezi," alisema bibi, akachukua nazi nyingine.

Baada ya chakula cha mchana akina Phadke walipakia mizigo yao. Shevanta aliwafuata hadi garini na chupa ya achari ya embe. Mama mtu aliipokea bila kuitazama. Binti, aliyekuwa ameshakaa kiti cha nyuma, akateremsha kioo.

"Pazuri hapa," alisema. "Kwa siku mbili."

Gari likaondoka. Shevanta alibaki palepale juani. Alitaka kulia, lakini hata hilo lilihitaji nguvu. Digambar alitokea ufukweni, akaiona sura ya mama yake, akasimama.

"Mama, nimekosa nini tena?"

"Hujakosa kitu. Nenda kaoge."

Barabarani basi lilikuwa linapiga honi. Bibi Dwarka alitoka nje, mfuko begani, akamtazama Digambar kuanzia nywele hadi miguu iliyojaa mchanga. Halafu akamshika Shevanta mkono.

"Jumapili mje nyumbani, Moreshwar atawaelekeza," alisema. "Ila mjukuu wangu anawaogopa kasa hata wa kwenye picha. Huyu amzoeshe pole pole."