Vidoti vya Kina Swinewade

Mzee aliitandaza ramani ya Uingereza juu ya kaunta ya mgahawa, kando ya sahani ya keki. Ilikuwa na vidoti kumi na viwili vya penseli.

"Hao ndio sisi wote tuliobaki," aliniambia. "Kina Swinewade. Tulianzia kijiji kimoja hapo jirani, penye kivuko cha nguruwe, ndiyo maana ya jina letu. Je, mama, unamjua yeyote wa jina hilo hapa mjini?"

Wageni wawili waliokuwa foleni wakacheka. "Mzee, jina lenyewe mbona linanuka?"

Nami nikacheka nao. Shuleni wenzangu walikuwa wakinikoromea kama nguruwe kila mwalimu alipoliita jina hilo. Nilipofika miaka ishirini nilikwenda kwa wakili nikalibadilisha, na baba hakusema nami tena.

"Simjui," nilisema.

"Marehemu kaka yangu alikuwa na binti anayeishi mji huu. Enid. Kabla ya kufa, kaka alinituma nimwambie kwamba hana kinyongo naye."

Uso ulinichoma. Nilijishika kifuani kwa kiganja, juu ya beji yenye jina langu la kwanza.

"Pengine alihama, mzee."

Aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akatoa kifutio, akakifuta kidoti cha mji wetu polepole, akiangalia asiuharibu mto uliochorwa kando yake. Akapuliza chembe za kifutio.

"Haya, mwanangu," alisema, akaikunja ramani.

Nikamwita mteja aliyefuata.